Simu ya bibi iko Tokyo, mwenyewe yuko Pangani

Kuna jambo moja la maana nimelifanya kwenye ukoo wetu, na kwa kuwa hakuna aliyenipongeza ipasavyo, nitajipongeza mwenyewe. Bibi yangu sasa ana simu janja inayosema saa kama anavyozisema yeye. Asubuhi ikifika saa moja, kioo kinaandika 1:00. Si 7:00. Moja.

Anayeona ni jambo dogo hajawahi kupigiwa na mama wa miaka themanini na ushee anayetaka kujua kwa nini simu ya laki mbili na kitu inadanganya, wakati saa yake ya ukutani inasema kweli. Saa hiyo marehemu babu aliirekebisha zamani, mshale mfupi ukae kwenye moja panapokuwa saa moja, na haijaguswa tangu hapo ila kubadilishwa betri. Sisi wengine tumezoea: tunaona 8:00, mdomo unasema saa mbili. Bibi hataki. Kwake siku inahesabiwa kwa jua, na Pangani jua halina mambo mengi, mwaka mzima linachomoza karibu na saa kumi na mbili, tofauti haifiki saa nzima. Waethiopia nao wanahesabu hivyo hivyo, kwa hiyo msimwone bibi mshamba.

Ushauri tulioupata, Mungu awasamehe. Kijana wa dukani alisema bibi awe anatoa sita tu. Bibi akamtazama. "Mjukuu wangu, si mmesema janja ni simu? Basi itoe yenyewe." Dada yangu akabadilisha lugha ya simu kuwa Kiswahili, akaturudishia huku anatabasamu. Menyu zote zikawa Kiswahili kizuri tu, ila saa ikabaki 8:00 vile vile.

Ndipo akaja binamu. Huyu aliwahi kusomea kompyuta miezi kadhaa, na tangu hapo ukoo mzima humpelekea mpaka pasi zilizoungua. Akazima ile sehemu ya simu kujiwekea saa yenyewe, akairudisha nyuma saa sita kwa mkono, akanywa chai, akala na vitumbua, akaondoka kama daktari bingwa. Bibi alifurahi sana. Furaha haikuvuka kesho yake.

Shangazi yetu yuko Muscat, na baada ya Isha humtumia bibi ujumbe wa sauti, mrefu, wenye salamu za watu ambao sisi wengine hatuwajui. WhatsApp ilipoona saa ya simu imepotoka ikagoma, ikaandika kwamba tarehe si sahihi, irekebishwe kwanza. Bibi hasomi vile vijiandishi, alibonyeza vikaondoka. Shangazi anatuma, kimya. Anapiga, haipokelewi. Akajua mama anaumwa na watu wanamficha. Bibi naye, kwa kutosikia sauti ya mwanawe, akakumbuka kuna doti ya kanga aliyoahidiwa wakati wa Idi haikufika, akahitimisha kwamba shangazi anamkwepa kwa ajili ya kanga. Naye akanuna. Huko Muscat watu wanasoma dua, huku Pangani mtu amekunja uso. Ikabidi mjomba apande gari kutoka Tanga kwenda kuangalia kama mama yake yu hai. Alimkuta uani anapepeta mchele. Alipomweleza kilichomleta, bibi akasema, "Mwambieni sijafa. Nimenuna."

Binamu alipoulizwa alisema simu ni mbovu.

Simu haikuwa mbovu. Ndani kabisa simu haijui saa mbili wala saa nane. Inahesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich, kule London, halafu inaangalia wewe uko eneo gani la dunia ndipo ikuandikie saa ya hapo. Ukigeuza saa kwa mkono unaharibu ile hesabu ya ndani, na kila inayezungumza naye anaiona muongo. Ukibadilisha eneo, hesabu inabaki salama na uso tu ndio unabadilika. Kwa hiyo kazi ni kutafuta nchi ambayo kukiwa saa mbili asubuhi Pangani, wao saa zao zinaandika mbili.

Sisi tuko saa tatu mbele ya Greenwich. Ukirudi nyuma sita unaangukia Buenos Aires. Nikaiweka simu Argentina. Meseji za shangazi zikamiminika zote kwa mpigo, bibi akalia, akacheka, wakasameheana, na kanga ikaahidiwa upya. Nikarudi Dar nikijiona mhandisi.

Bibi akapiga simu alfajiri. Hakunipa hata nafasi ya kumaliza shikamoo. "Mume wangu, leo siku gani?" Nikasema Ijumaa. "Simu yako inasema Alhamisi." Na kweli, Buenos Aires ilikuwa bado haijafika usiku wa manane. Tarehe yao inageuka huku kwetu kukiwa saa kumi na mbili asubuhi, na bibi huamka saa kumi usiku kuswali. Simu ilikuwa inamwambia bado yuko jana.

Jibu nililipata ndani ya basi, na nililicheka peke yangu hadi abiria wa pembeni akausogeza mkoba wake. Uso wa saa una namba kumi na mbili tu! Ukirudi nyuma sita au ukienda mbele sita, mshale unatua pale pale. Mbele sita ni Tokyo. Tena Wajapani hawana mchezo wa kusogeza saa kiangazi na kipupwe, kwa hiyo ukiweka umeweka. Lakini utamu haupo hapo. Usiku wa manane wa Tokyo ni saa kumi na mbili jioni ya Pangani, pale pale magharibi inapokaribia. Na kwa bibi siku huanza magharibi. Jioni ya Alhamisi kwake ni usiku wa Ijumaa, ndipo anapofungua Yasini. Nikamwekea, tukasubiri pamoja barazani Alhamisi hiyo. Ikafika saa kumi na mbili, simu ikaandika Ijumaa. Bibi akaitazama, akanitazama. "Hii sasa imesoma madrasa."

Ukitaka kujaribu, hakikisha iko kwenye saa kumi na mbili, si ishirini na nne, la sivyo saa mbili asubuhi itaandikwa 14:00 na utakuwa umehamisha ugomvi tu. Na ile sehemu ya kujiwekea eneo yenyewe izime, maana isipozimwa mtandao utairudisha nyumbani. Kwenye kengele, AM inakuwa usiku mzima na PM mchana mzima, jambo ambalo mimi naona ni la akili kuliko lilivyokuwa. Ya daku ni 10:00 AM. Dada yangu aliweka Seoul badala ya Tokyo kwa sababu ya tamthilia zake za Kikorea. Ni saa ile ile, mwacheni.

Bibi aliniuliza nani alisema siku ianze usiku wa manane. Nikamweleza kwamba mwaka 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington, wakachagua Greenwich, wakakubaliana siku ya dunia ihesabiwe kuanzia usiku wa manane wa hapo. Akasema, "Saa hiyo watu wote wamelala, nani aliishuhudia ikianza?" Sikuwa na jibu. Tukaanza kuwazia, je, mkutano ule ungefanyika Pangani? Dunia nzima ingefungua kazi saa mbili. Nikamtajia Tromsø, kule kaskazini mwa Norwe, ambako jua halichomozi tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Sasa Mswahili wa huko saa moja asubuhi ataijuaje? Bibi aliona kuna faida: ukikopa, unaahidi kulipa saa moja asubuhi, unakaa karibu miezi miwili husumbuliwi.

Kasoro moja imebaki. Ujumbe wa pesa huja na saa yake ndani ya maandishi, na hiyo haigeuki. Pesa iliyoingia saa tatu inaandikwa 9:00 AM, simu inaonyesha 3:00, na bibi anamshuku wakala. Nimemwambia asome kiasi tu, saa aiache. Anasoma kiasi, halafu ananipigia kuhusu saa.

Majirani zake wameanza kuleta simu zao. Mimi nachukua madafu. Nasikia binamu naye anawawekea watu huko Tanga mjini, anatoza elfu mbili, na akiulizwa anasema aliigundua mwenyewe.