Kentrosaurus wa Tendaguru: hatimaye miiba inamfuata

Imekubali! Leo kwenye kompyuta nimemrefusha mkia Kentrosaurus, dinosaria mwenye miiba ambaye mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, Lindi, nikambinya tumbo, nikapiga Remesh (amri inayoijenga upya ngozi yote kwa vipande vya ukubwa sawa), na miiba yote ikamfuata. Hakuna hata mmoja uliobaki ukielea hewani.

Wanaochonga kwa Blender, programu ya 3D, wanaijua adha hii. Rasimu inataka umbo jepesi: vokseli (ukubwa wa vipande hivyo) naweka 0.03, nasukuma nyama kwa brashi ya Grab, napiga Remesh, naendelea. Sasa ncha ya mwiba wa mkiani ni nyembamba kuliko vokseli yenyewe, kwa hiyo kila Remesh inaila. Unachonga, unabonyeza, unabaki na kisiki. Nikishuka hadi 0.005 ncha inasalimika, lakini kila ukipunguza vokseli kwa nusu poligoni, yaani idadi ya vipande vya ngozi, zinaongezeka karibu mara nne, na ngozi yenye poligoni nyingi haivutiki: kila ukigusa inaweka mabonde na vinundu. Nihangaike na vinundu wakati hata tumbo la mnyama sijaliamua?

Nikaitenga miiba. Mwili ukisogea, yenyewe inabaki nyuma. Nikaifunga mwilini kwa Surface Deform, zana ya kukifanya kitu kifuate ngozi ya kingine. Ikashika vizuri mpaka Remesh iliyofuata, ikaachia, kwa sababu kifungo kile kinategemea vipeo vya mwili (nukta zinazounda ngozi) na Remesh inavibadilisha vyote. Nilizima kompyuta nikaenda zangu ufukweni, nimekasirika kwelikweli.

Dawa ni Shrinkwrap, zana ya kukibandika kitu kwenye ngozi ya kingine, ila ile ya upande wa Constraint (inayoamua kitu kikae wapi), siyo ya Modifier (inayobadilisha umbo lake). Hiyo haijali vipeo. Inatafuta ngozi iliyo karibu, inakaa hapo. Kila mwiba una Empty yake shinani, yaani alama tupu isiyo na umbo. Empty inashika ngozi na kufuata uelekeo wake, mwiba umefungwa juu yake ukiwa umelala kuelekea nyuma. Piga Remesh utakavyo! Kuunganisha kila kitu ni mwisho kabisa, umbo likishatulia.

Na hapo ndipo kazi ya ubunifu ilipobadilika. Kuna ule mwiba mkubwa wa ubavuni. Edwin Hennig, aliyempa mnyama jina mwaka 1915, aliuweka nyongani. Siku hizi wataalamu wengi wanauweka begani. Kwenye karatasi ningechora upya pembeni, mbele na juu. Hapa niliutelezesha tu, nikamzungusha. Nyongani ni mnyama anayekimbia huku akilinda nyuma. Begani ni mnyama anayesimama akakugeukia. Nimechagua begani. Mwenzangu anayeandika hadithi ya katuni yetu alitazama akasema, "Kaka, huyu hapiti kwenye vichochoro vya mtaa wa Ndoro." Kisha akaenda kuiandika upya sehemu ya kichakani, maana mnyama mwenye mabega haya lazima anase. Zamani hadithi ilikuwa inakamilika kwanza, mchoro unaifuata.

Kuhusu zana: Nomad Sculpt kwenye tableti naipenda kwa wazo la haraka, nikiwa popote. DynaMesh, Remesh ya programu nyingine iitwayo ZBrush, ni tamu, sibishi, lakini malipo ya kila mwezi kwa mtu anayejitegemea Lindi ni mzigo. Blender ni bure na inanitosha.

Nilipanga sasa nianze retopolojia (kuzipanga upya poligoni ziwe safi) na rangi. Nimeahirisha. Nilikuwa Mtwara kwa fundi wa Kimakonde anayechonga mpingo, nikamwona anavyoanza na gogo na kuondoa tu. Haongezi kitu, kwa hiyo mkono na shingo vinajikunja kutafuta nafasi ndani ya mti. Sisi tumezoea kuongeza udongo. Basi nimefungua faili jipya: gogo moja refu, Box Trim (zana ya kukata) peke yake, na sharti kwamba Giraffatitan, dinosaria wa shingo ndefu, atoke humo bila kuongezwa hata kipande. Shingo imeshajikunja mara mbili, kichwa kimelala ubavuni, na mkao huo nisingeufikiria kamwe kwa penseli. Miguu ya nyuma bado sijaipatia pa kukaa. Kesho naendelea nayo.