Waya wa Urefu wa Kidole

Leo asubuhi nilipozungusha ufunguo, pampu ya petroli ilianza: tik-tik-tik-tik, mbio mbio, kisha polepole, kisha tik moja ya mwisho, kimya. Ndiyo salamu ya gari hili. Pampu yake ni ya umeme, imejificha nyuma karibu na gurudumu la kulia, na ikishajaza vibakuli vya kabureta zote mbili, zile zinazochanganya petroli na hewa, inanyamaza yenyewe. Wanangu wadogo wanaipenda sauti hiyo kuliko ya injini. Isiponyamaza, ujue ama tangi ni kavu ama kuna mahali petroli inamwagika. Leo ilinyamaza. Nikakaa dakika nzima bila kugusa kitu, maana tangu Juni nimekuwa nikikimbizana na ugonjwa mmoja, na jana jioni ilionekana tumeukamata.

Kwa ambao hawajui habari zake: ni MGB ya 1966, ya wazi, viti viwili, rangi ilikuwa nyekundu kabla jua la Katanga halijaifanya ya matofali. Magari haya yalitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980. Hili langu liliuzwa Kitwe, upande wa Zambia, zama ambazo migodi ya kule ilikuwa na Waingereza wengi. Yomba wangu (Lubumbashi mjomba ni yomba) alifanya kazi huko, akalinunua kwa mmoja aliyekuwa anarudi kwao, na miaka mingi baadaye akalivusha mpaka wa Kasumbalesa kuingia Kongo, usukani ukiwa kulia katika nchi ambayo gari hupita kulia. Alipofariki, ndugu waligawana nyumba na shamba. Mimi nikaachiwa gari na spana zilizofungwa kwenye kitenge. Walidhani wamenipunja. Sijawahi kuwasahihisha.

Spana zile ni mali. Nati za gari hili hupimwa kwa inchi, na katika soko la Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, si ile nchi) spana zote ni za milimita. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7, spana ya 13 inaingia, inakuchekea, kisha siku nati imeganda inateleza na kula pembe zake. Nusu ya nati zilizoharibika chini ya gari hili ni kazi ya mafundi waliosema "inatosha". Nusu nyingine ni yangu, kabla sijakifungua kile kitenge.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Gari likisimama, injini ilizunguka vizuri, tulivu kama cherehani. Ukikanyaga hadi sakafuni, ilikwenda. Lakini ukishika mwendo wa mtu anayekwenda zake bila haraka, ilianza kukohoa na kukata, ikiturusha mbele na nyuma kama mbuzi anayevutwa kamba asitake kwenda sokoni.

Nikasema: kabureta. Garaji moja mjini nao wakasema kabureta, wakachukua pesa, wakarudisha gari likiwa vile vile, ila limeoshwa.

Nakiri napenda kabureta hizi, ndiyo maana nilizishtaki haraka. Ni za SU, mbili, zimekaa bega kwa bega, na sijaona mtambo unaofanya kazi kubwa kwa vitu vichache namna hii. Ndani ya kengele ya aluminiamu mna pistoni inayopandishwa na mvuto wa injini yenyewe. Chini ya pistoni inaning'inia sindano iliyochongoka, na ncha yake imeingia katika tundu la jeti. Injini ikivuta hewa zaidi, pistoni inapanda, sindano inapanda nayo, na kwa kuwa imechongoka, tundu linapata nafasi na petroli inapita zaidi. Juu unafungua kifuniko na kutia oili kidogo ili pistoni isirukeruke. Basi.

Binamu yangu akaniletea jeti na sindano mpya kutoka Lusaka, zimeviringishwa ndani ya soksi. Kitabu kinasema: anza kwa kushusha nati ya jeti mizunguko miwili kamili, kisha urekebishe. Nikashusha. Moshi mweusi ukafunika uani, na buji (plagi, kwa wa pwani) zikatoka nyeusi kama sehemu ya chini ya sufuria ya msibani.

Siku mbili nilizunguka na hilo kichwani kabla sijakumbuka ninapoishi. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Kitabu kimeandikiwa watu wa mabondeni. Kwa kimo chetu shinikizo la hewa limepungua kama asilimia 13, kwa hiyo injini ikijaza kifua chake inapata hewa nyepesi, huku petroli ikija kana kwamba tuko Uingereza. Mchanganyiko unakuwa mzito. Nikaanza kuipandisha nati, ambayo ina bapa sita, bapa moja, nasikiliza, bapa jingine, nasikiliza. Kipimo chake ni cha kidole: chini ya kabureta kuna kijiti, unakisukuma kidogo tu ili pistoni inyanyuke chini ya milimita moja. Injini ikipandisha sauti na kubaki juu, petroli imezidi. Ikilegea papo hapo, imepungua. Ikipanda kidogo halafu ikarudi mahali pake, umefika.

Kisha kuzilinganisha zivute sawa. Hapo unatumia kipande cha mpira wa maji: ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta, unasikiliza ssss ya hii na ssss ya ile mpaka ziwe dada wa mama mmoja. Mke wangu alitoka na beseni la nguo akanikuta nimeinama hivyo, jicho moja nimelifumba. "Papa Monga, iko na mimba ya miezi ngapi?" Nilijibu kwamba ni mapacha.

Injini ikatulia kiasi cha kuweka kikombe cha chai juu yake. Nikalitoa barabarani. Kufika kona ya pili, mbuzi yuleyule, kamba ileile.

Agosti yote sikuligusa. Nilikuwa nimelikasirikia, na vumbi jekundu la kiangazi likakaa juu yake hadi watoto wakaandika majina yao kwenye boneti. Ni joto la Oktoba lililonirudisha. Turubai lake limepasuka, na mvua zikianza gari hili halina safari.

Jana alipita jirani anayetengeneza redio na simu sokoni. Betri ilikuwa imelala na mkarimu mmoja alikuwa ameshasogeza gari lake ili atupe moto, nami nikimzuia kwa mikono miwili: kwenye MGB za miaka ile ncha iliyofungwa kwenye bodi ni ya chanya, kinyume na magari ya leo, na anayekuja kusaidia kwa mazoea anaweza kuteketeza vitu. Yule wa redio alifurahi sana kusikia hivyo. Akaketi juu ya tairi, akauliza swali ambalo mimi, kwa miezi minne, sikuwa nimejiuliza vizuri.

"Yaya, inakatika saa gani?" (Yaya kwetu ni kaka mkubwa.)

Nikamweleza. Ikisimama, nzuri. Ukikanyaga yote, nzuri. Katikati, mbaya.

"Katikati tu?"

"Katikati tu."

"Basi kuko kintu kinatembea mu ndani."

Tukafungua kofia ya delko, kigawa umeme wa buji. Ndani yake kuna platini zinazofunguka na kufunga ili kila buji ipate cheche kwa zamu yake: ya kwanza, ya tatu, ya nne, ya pili. Platini zimekaa juu ya kisahani, na kisahani hicho kinasogea. Kuna kiwambo pembeni kinachounganishwa na kabureta kwa bomba jembamba; ukikanyaga kidogo, mvuto unakifikia, nacho kinazungusha kisahani ili cheche ije mapema. Gari likisimama, kwenye bomba lile hakuna mvuto. Ukikanyaga yote, mvuto unakufa, kisahani kinarudi. Kwa hiyo kinahama hasa pale pa katikati, pale pa mbuzi wangu.

Na umeme wa platini unafika kwa waya mmoja wa urefu wa kidole, laini, unaojikunja kila kisahani kinapohama. Nilishauona mara kumi. Ganda lake lilikuwa safi, halina mchubuko. Yeye aliushika ncha mbili kwa kucha, akauvuta taratibu. Waya mzima haurefuki. Huu ulirefuka, kama mpira wa kiunoni mwa kaptula ya mtoto, kisha ukarudi. Ndani nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika zote mahali pamoja, zinagusana tu kwa hisani. Ukikunjwa, zinaachana.

Sikusema kitu. Miezi minne, jeti mpya, sindano mpya, pesa za garaji. Yeye hakucheka, na kwa hilo namheshimu.

Umeme wa nyumbani ulikuwa umekatika tangu mchana, kwa hiyo chuma cha kulehemu tukakipasha kwenye mbabula (jiko la makaa), kando ya sufuria ya maji ya bukari, yaani ugali. Waya mpya aliukata kutoka kwenye multimita (kipima umeme) yake iliyokufa. Akaniambia nyaya za multimita zina nyuzi nyingi na nyembamba kupita za spika, maana zimeumbwa kukunjwakunjwa siku nzima. Akalehemu ncha zote mbili, akausogeza mkononi huku na huku kabla ya kuurudisha.

Makaa yakiwa bado mekundu, nikaona nisipoteze moto. Kizibo cha oili chini ya injini kina pete ya shaba iliyokuwa inavuja kwa sababu imebanwa mara nyingi ikawa ngumu. Ukikosa mpya, ya zamani inafufuka: unaipasha mpaka ianze kuwa nyekundu kwa mbali, unaitumbukiza majini. Chuma cha pua ukikifanya hivyo kinakuwa kigumu, shaba inalainika. Nikaishika kwa koleo juu ya makaa, mke wangu amesimama na mwiko, anangoja sufuria yake irudi katikati. Katika mji huu, katika mkoa ambao zama za Mobutu uliitwa Shaba, tena miongoni mwa watu ambao babu zao walimimina misalaba ya shaba muda mrefu kabla ya kampuni za migodi, nilidhani angenielewa. Akasema, "Maliza."

Leo asubuhi, kabla ya kutoka, magurudumu. Ni ya spoku, kila moja limeshikwa na nati moja kubwa yenye masikio mawili, na inakazwa kwa kugongwa. Nyundo ya chuma inaumiza masikio hayo, kwa hiyo inatumika ya shaba. Yangu ilimiminwa na watengeneza sufuria wa mtaa wa Katuba, ndani ya mchanga, na shaba yake sikuuliza ilitoka wapi. Upande wa kushoto nati zinafunguka kama nati zote za dunia, upande wa kulia kinyume. Yomba aliandika kwa rangi nyeupe ndani ya buti: TAZAMA MSHALE. Nadhani alishawahi kugonga vibaya.

Yule wa redio alikataa pesa, akaomba kiti cha kushoto. Tukashika barabara ya Kipushi, kilomita thelathini hivi. Usukani ukiwa kulia, dereva haoni kinachokuja mpaka amechungulia nje ya lori lililo mbele yake, na humu umekaa chini kiasi kwamba tairi za malori ziko usawa wa uso. Kwa hiyo abiria ndiye macho. "Ngoja. Ngoja. Pita!" Alijifunza ndani ya dakika kumi, na kwa sauti ya mtu aliyezoea kelele za soko.

Kwenda, nilikuwa nakanyaga na kuachia, nakanyaga na kuachia, mguu haujaamini. Kipushi tukanywa soda tumesimama, kwa sababu watu walishaanza kulizunguka na kila mmoja alikuwa na swali.

Wakati wa kurudi, wingu jeusi likapanda kutoka upande wa Zambia. Matone ya kwanza yakapiga kioo, makubwa, yenye vumbi. Turubai lenyewe tumeliacha nyumbani. Yeye akavua koti akafunika begi lake la vifaa, si kichwa chake. Nikasogeza mguu nikanyage hadi mwisho tuwahi.

"Apana, Yaya," akasema, maji yakimtiririka puani, sikio amelielekeza mbele. "Bakia pale pa katikati. Acha nisikie."