Saa moja ya chakula

Nasimamia zamu kwenye ghala la nyuzi za mkonge hapa Tanga. Mwaka jana kila alasiri ilikuwa balaa: watu wanafokeana, mmoja kajikata kidole, mwingine kesho yake haonekani. Nilidhani ni uvivu. Nilikosea, na wenzangu nimewaomba radhi.

Mzee mmoja anayepanga marobota ndiye aliyenifumbua macho. "Mwanangu, tunakula dakika kumi na tano, tumesimama, vumbi la mkonge linaingia kwenye wali."

Nikaisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 anastahili mapumziko yasiyopungua dakika 60. Nikampelekea meneja kifungu chenyewe. Alihofia mzigo wa bandarini utachelewa, basi tukajigawa makundi mawili: moja linakula, jingine linapakia. Nikaomba pia turubai chini ya mwembe, mbali na vumbi, na maji ya kunawa. Mama ntilie akahamishia sufuria zake huko huko.

Kufika mwezi wa pili, kufokeana kumekwisha. Vidole bado vinakatika mara mojamoja, kwa hiyo sasa nadai glovu.