Usioshe ukuta kabla hujapiga picha

Juzi kwenye grupu letu la WhatsApp la Waswahili wa huku Midlands, Uingereza, dada mmoja aliandika kwamba kaamka kakuta uchafu umemwagwa mlangoni na ukutani wamepuliza rangi maneno ya "rudini kwenu", na haikupita muda ushauri ukamiminika, pole dada, Mungu yupo, osha haraka kabla watoto hawajaona, polisi usiwaite hao hawasaidii wageni. Watu walimwambia kwa upendo kabisa, wengine ni wazee ninaowaheshimu sana. Ila ushauri ule unatuumiza na nimeona niandike kirefu maana kwenye grupu meseji zinapotea.

Dada, usioshe. Piga picha kwanza, ya karibu na ya mbali ionyeshe namba ya nyumba, andika saa, halafu ripoti. Na ukiripoti taja sababu. Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama, yani mtu anapiga simu 101, namba ya polisi kwa mambo yasiyo ya dharura, anasema "wameniharibia ukuta", anaishia hapo, anaona aibu kurudia yale matusi kwa polisi asiyemjua. Basi kinachoandikwa ni ukuta umeharibiwa. Mwambie polisi kwa Kiingereza maneno haya mawili, hate crime, yani uhalifu wa chuki, na umtajie neno kwa neno walichoandika hata kama ni neno chafu.

Hapa Uingereza hutakiwi kuwa na ushahidi ndio uripoti. Polisi wanatakiwa waandike jinsi wewe uliyeumizwa unavyoona, au hata mtu mwingine yeyote aliyeshuhudia, kwa hiyo na jirani anaweza kuripoti. Ushahidi ni kazi ya upelelezi na mahakama baadaye. Hili halikuja bure jamani. Stephen Lawrence alikuwa kijana mweusi wa miaka 18, wabaguzi walimchoma kisu wakamuua akisubiri basi Eltham, London, tarehe 22 Aprili 1993, na polisi waliboronga ile kesi mpaka wazazi wake wakahangaika miaka na miaka, wauaji wawili wakahukumiwa 2012. Ripoti ya jaji Macpherson aliyechunguza kesi hiyo, ya Februari 1999, ndiyo iliyosema tukio la ubaguzi wa rangi ni lile ambalo mwathirika au mtu mwingine yeyote analiona hivyo. Mama yake Stephen, Doreen, alipigana kwa ajili ya watoto wetu pia, hata wale ambao walikuwa hawajazaliwa, hata sisi tuliokuwa bado Tanga na Mombasa hatujui kama tutafika huku.

Na kutaja sababu kunabadilisha kesi yenyewe. Kumpiga mtu kofi au kumsukuma tu, kosa dogo kabisa la shambulio, mwisho wake ni miezi sita jela, lakini ikithibitika ni kwa chuki ya rangi au dini, sheria ya 1998 inaipeleka mpaka miaka miwili. Halafu kuna wanaosema ah yalikuwa matusi tu, hawakunigusa. Matusi ya kutisha mbele za watu yanaweza kuwa kosa pia, usijihukumie mwenyewe sebuleni kwamba haitoshi. Mwaka ulioishia Machi 2024 polisi wa England na Wales waliandika matukio ya uhalifu wa chuki 140,561, kama saba kati ya kila kumi yakiwa ya rangi au asili, na hayo ni ya waliosema. Sisi tuliokaa kimya hatumo.

Sasa sitaki kumdanganya mtu kwamba ukipiga simu tu mambo yamekwisha. Bijan Ebrahimi alikuwa mkimbizi kutoka Iran, mlemavu, anaishi peke yake Bristol, anapenda maua yake. Aliita polisi mara 85 kati ya 2007 na 2013. Wakamwona msumbufu. Julai 2013 aliwapiga picha vijana aliosema wanamharibia maua, majirani wakamzushia kwamba ni mtu wa kuwadhuru watoto, polisi wakamkamata yeye, na siku chache baadaye jirani akamuua na kuuchoma mwili wake. Mimi kila nikiisoma hii habari nashindwa kulala. Lakini zile simu zilikuwa zimeandikwa, na kwa sababu zimeandikwa polisi mmoja na afisa mmoja msaidizi wa polisi walifungwa 2016 kwa kutomlinda, ndugu zake wakapata kitu cha kuweka mezani. Kwa hiyo usikubali simu iishe bila kupewa namba ya tukio. Kila tukio jipya taja namba za nyuma, sema ni watu walewale, la sivyo kila simu inaonekana kama ya kwanza.

Na usiishie polisi. Kama ni jirani, peleka pia kwa council, yani halmashauri ya mji, au wenye nyumba, kwa maandishi, sio kwa simu tu. Kuna haki ambayo wengi hawaijui, ukisharipoti usumbufu, kwa kawaida mara tatu ndani ya miezi sita, unaweza kudai kesi yako ipitiwe upya, wanaiita ASB Case Review (ASB ni anti-social behaviour, tabia za kusumbua watu), hapo council na polisi wanalazimika kukaa pamoja waeleze wamefanya nini. Kwenye treni tuma meseji 61016, namba ya polisi wa reli. Kwenye basi shika namba ya basi na saa, na ripoti siku hiyohiyo kwa sababu video za kamera hufutwa. Hatari ikiwa inatokea sasa hivi ni 999, usifikirie mara mbili.

Wenye shida ya makaratasi najua mnasoma hapa pia. Nitasema ukweli, polisi wanaweza kupeleka taarifa zako Home Office, wizara inayosimamia uhamiaji, kwa hiyo kabla hujaenda ongea na wakili wa uhamiaji, au pitia kituo cha kuripotia kisichokuwa cha polisi, kwenye miji mingi vipo. Unaweza kuripoti bila kutaja jina kwenye True Vision, tovuti ya polisi ya kuripotia uhalifu wa chuki, ingawa hapo upelelezi unakuwa mgumu.

La mwisho ni la wazazi. Omba mkalimani wa Kiswahili, polisi ndio wanaolipa, sio wewe. Usimweke mtoto wa miaka kumi kwenye simu atafsiri matusi aliyotukanwa mama yake. Na polisi wakikuuliza kama unataka kuandika maelezo ya jinsi tukio lilivyokuathiri, kubali, waambie kwamba watoto wanaogopa kutoka, kwamba unaingia kazini umechelewa kwa sababu unazunguka njia nyingine, kwamba hulali. Yale maelezo hakimu anayasoma kabla ya kutoa adhabu.