Tailizi ya Bafuni, Uyole, Mwezi wa Saba

Mwezi wa saba baridi ya Uyole, Mbeya, si mchezo. Usiku huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na gundi ya epoksi kwenye baridi hiyo karibu inaacha kabisa kukauka. Kazi ya bafu la mama mmoja pale Uyole ilitawaliwa na jambo hilo.

Tailizi ilikuwa ya sakafuni, sentimita 30 kwa 30, rangi ya maziwa. Spana kubwa ya bomba ilikuwa imeponyoka ikaiangukia, ukabaki ufa mwembamba kutoka kona moja hadi karibu na tundu la maji. Sokoni Mwanjelwa aina ile haikuwepo tena, na fundi mwingine alishashauri itolewe kwa tindo.

“Fundi mwanangu, haiwezi kuponywa hapohapo ilipo?” mama aliuliza.

“Tuigonge kwanza, mama,” nilimjibu.

Kugonga ndiko kunakoamua. Unatumia mpini wa bisibisi, kona zote nne na katikati. Ikilia nzito, imeshikana na saruji iliyo chini. Ikilia kama ina uwazi, aliyeibandika aliweka madonge badala ya kupaka kote, kwa hiyo inacheza kila inapokanyagwa, na hakuna gundi itakayodumu juu yake. Ile ililia nzito kote. Kuing'oa kungekuwa kuhatarisha za jirani bila sababu.

Ufa ulisafishwa kwa sabuni ya vyombo na mswaki mkuukuu, kisha spiriti, kwa sababu mafuta ya mwili hujificha humo na gundi huyashika hayo badala ya kushika udongo wa tailizi. Dawa ya choo yenye asidi haifai hapo, inakula grauti, ile saruji ya kwenye maungio ya tailizi.

Kisha kukausha, na hapa wengi huharibu. Chini ya ung'ao, lile tabaka linalong'aa juu, udongo wa tailizi ya kawaida hunywa maji. Ukiziba ufa wenye unyevu, gundi huachia na doa jeusi hubaki ndani, hulifikii tena. Familia ilihamia bafu la nje tangu Ijumaa, na Jumapili nilimalizia kwa drai ya saluni, nikiisogeza huku na huku, maana joto likikaa mahali pamoja huweza kuurefusha ufa. Mama, kwa kunihurumia, alileta jiko la mkaa lipashe chumba. Nilimwomba alirudishe nje. Bafu dogo lililofungwa na mkaa unaowaka ni kifo, hewa yake ya sumu haina harufu ya kukuonya.

Mirija miwili ya epoksi, mmoja wa gundi na mwingine wa kigumishi kinachoikausha, niliifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikaizamisha katika maji ya vuguvugu dakika 10 hadi gundi ikalegea. Nilikamua urefu sawa kwa sawa juu ya kifuniko cha plastiki, nikakoroga dakika 2 nzima nikikwangua pembeni. Wapo wanaozidisha kigumishi wakidhani itakauka upesi. Kinachozidi hakipati cha kuungana nacho, na ufa unabaki laini au unanata. Rangi ya unga, nyeupe na chembe ya kahawia, haikuzidi sehemu 1 kwa 20 za gundi, kwani ikizidi inadhoofisha. Rangi ya maji usiiguse kabisa. Kulinganisha rangi nilifanya kwa mwanga wa dirishani, taa ya bafuni hudanganya.

Tepu ya karatasi ilikaa pande zote mbili, milimita 1 kutoka kwenye ufa. Gundi niliisukuma ndani kwa kijiti cha meno, nikaikandamiza kwa kadi ya simu ya zamani, nikaiacha ivimbe kidogo juu kwa sababu hunywea. Drai ikapita mara moja kutoa mapovu. Tepu hutolewa gundi ikiwa bado laini. Ukichelewa inaondoka na kingo.

Kesho yake mchana gundi ilikuwa imekaza bila kuwa jiwe. Hapo ndipo wembe hufanya kazi, ukilazwa karibu kugusa tailizi na kukwangua kidogokidogo. Msasa nisingeuthubutu, unachubua ung'ao, na mchubuko huo utakusanya uchafu kuliko ufa wenyewe. Pakiti inasema saa 24, lakini saa hizo ni za joto la nyuzi 20 na kitu. Kwa Julai ya Uyole nilimwambia mama asimwage maji kabla ya siku 3.

Alinionyesha na ufa wa ukutani, chini ya sinki, akitaka nao uzibwe kwa gundi iliyobaki. Ule ulipita tailizi mbili na grauti katikati, kwa mstari mmoja. Hiyo si tailizi iliyopigwa, ni ukuta unaosogea, na epoksi ngumu ingepasuka tena pembeni yake. Nilichora vistari vya penseli kwenye ncha zake, nikaandika tarehe, nikamwomba aangalie mvua zikianza kama umevipita.