Kesi ya pampu yangu ilivyofika kwa hakimu bila RB

Pampu yangu ya kumwagilia iliibwa Agosti, kiangazi cha Iringa, nyanya za vinyunguni, bustani zetu za bondeni, ndiyo kwanza zinatoa maua. Siku ya nne nikaiona ng'ambo ya mto kwa jirani, inavuta maji. Ilikuwa ileile: kifuniko cha tangi kilishapotea zamani, nikaweka cha dumu na kukikaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Hata mpira hakuutoa!

Nikaenda kituo cha polisi kuchukua RB, ile namba ya kuonyesha kuwa taarifa yako imeandikwa. Askari wa kaunta aliuliza kama tunafahamiana na huyo mtu. Nikasema ni jirani. "Basi hayo ni madai, si jinai, nendeni kwa mtendaji." Kalamu hakuishika. Nikarudi kesho yake, mkuu wa kituo hayupo. Keshokutwa, yuko kikaoni. Bodaboda inakula tu.

Aliyenifungua macho ni msaidizi wa kisheria wa kata yetu, mama anayekaanga vitumbua asubuhi na kusikiliza shida za watu mchana. "Mwanangu, kuchukua cha mtu kwa kificho ni wizi hata kama mmenyonya ziwa moja. Na RB haiuzwi." Akaniandikisha barua kwa mkuu wa polisi wa wilaya, nakala kwa kamanda wa mkoa, na tarehe zote nilizokwenda kituoni. Nakala yangu akasisitiza igongwe muhuri wa kupokelewa.

Wiki mbili, kimya. Ndipo akaniambia jambo nililokuwa silijui kabisa: wizi kama huu unasikilizwa mahakama ya mwanzo, na mlalamikaji anaweza kwenda mwenyewe, hata kwa mdomo. Mauaji au unyang'anyi wa kutumia silaha, hapana. Hayo ukikwama kituoni unapanda ngazi za polisi, au unabisha hodi Ofisi ya Taifa ya Mashtaka.

Nikaenda. Malalamiko yangu yakaandikwa, nikasomewa, nikatia sahihi. Hakimu aliuliza risiti iko wapi na nani mwingine anaijua pampu hiyo. Risiti ilikuwa imefifia mpaka tarehe haisomeki. Kilichonibeba ni kibarua wangu, aliyeueleza ule mpira kabla hata hajaulizwa. Samansi ya kumwita jirani mahakamani ikatoka.

Siku mbili baadaye simu ikaita, sauti ya kaunta: "Mzee, mbona hujaja kuchukua RB yako?"

Kesi bado inaendelea. Pampu ni kielelezo, imefungiwa mahakamani na mpira wake. Nyanya nimezinywesha kwa ndoo, nimeambulia matenga manne.