Kabla sijawasha grenda

Wiki iliyopita mzee mmoja mwenye bustani ya kuchezea watoto hapa Dodoma alinipigia simu. "Fundi, njoo na grenda. Ile bembea ya kuzunguka naitoa. Vyuma tutamwita mtu wa chakavu, wewe nakulipa ya kukata." Nikamjibu sawa mzee, kesho asubuhi nipo. Simu ikakatika, nami nikabaki nimeishika, hata kijana ninayefanya naye kazi akaniuliza kama kuna msiba.

Bembea hiyo nimeijenga mimi. Sikuijenga peke yangu. Mwaka 1998 nilikuwa na miaka 17, najifunza kuchomelea kwa fundi mmoja wa Majengo ambaye sasa ni marehemu, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza aliyonikabidhi mashine nichomelee mwenyewe. Tulichukua habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya Land Rover ya zamani tukaisimamisha juu ya bomba nene lililozikwa kwenye zege, ikatazama juu. Habu ile ina nati tano, kwa hiyo mikono ikawa mitano, kila mkono viti viwili. Watu huuliza inakuwaje chuma kidogo vile kibebe watoto kumi bila kuyumba. Siri iko kwenye beringi. Roli zake zimekaa mshazari, kwa hiyo zinapokea uzito unaoshuka kutoka juu na ule unaosukuma kutoka ubavuni vilevile. Zilitengenezwa kubeba gari lililojaa magunia kwenye njia ya mawe. Mtoto wa miaka minne kwake ni kama hajapanda mtu.

Viti ni wanyama waliokatwa kwenye bati nene: ng'ombe wawili, punda wawili, twiga, pundamilia, na kuku. Kuku ndio wengi, wanne, kwa sababu mke wa fundi ndiye aliyechora kwa chaki na alisema mtoto wa Dodoma twiga hamjui, kuku anamjua. Alikuwa na haki. Mpaka leo watoto hawasemi bembea, wanasema "twende kwenye kuku". Ukipiga magoti ukaangalia chini ya kuku mwekundu utaona mshono wa kuchomelea uliojaa vinundu. Huo ni wangu.

Mota haina. Kuna mtu anasukuma kwa mkono, anatembea nayo huku anaangalia nyuso.

Nilienda na grenda kwenye mfuko na diski mbili mpya. Mzee akanikaribisha chai, akanieleza vizuri, na sitaki mtu amwone mbaya. Mji umebadilika, alisema. Serikali imehamia, mji wake wa Mtumba umejengwa, treni ya umeme inafika toka Dar tangu 2024, wazazi wanaokuja Jumapili wameshawatembeza watoto wao kwingine na watoto wameshaona kila kitu kwenye simu. Wanataka puto la kurukia. Analo moja, anataka la pili, na baadaye vigari vya kugongana. Nafasi ya kuliweka ni pale ilipo bembea. "Mwanangu, mimi kiwanja changu hakivutiki kama lastiki."

Nikamwomba anipe mpaka Jumapili niangalie kwanza. Akakubali, nadhani kwa heshima ya marehemu fundi.

Jumapili nikakaa chini ya mwarobaini na daftari la binti yangu, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili. Nilihesabu. Puto: watoto 71, kila mmoja shilingi 1,000. Bembea: watoto 23, shilingi 500. Elfu sabini na moja kwa elfu kumi na moja, maana mmoja wa bembea alipanda bure. Kama ningeondoka na hesabu hiyo tu, ningewasha grenda kesho yake bila neno.

Lakini nilikuwa nimeandika pia ni akina nani. Katika wale 23, kumi na wanne walikuwa hawajafika miaka mitatu. Kwenye puto huyo hapandi. Akipanda, mkubwa mmoja anaruka, mdogo anarushwa kichwa chini. Mmoja alikuwa mtoto ambaye miguu yake haina nguvu, mama yake alimbeba mgongoni toka getini. Msukumaji alimfunga kanga kiunoni kwenye kuku, akasukuma polepole mizunguko mingi kuliko ya wengine, wala hakudai nyongeza. Bibi mmoja alitembea sambamba na bembea muda wote ameshika kidole cha mjukuu wake. Na watatu walikuwa wa familia moja, watoto wanne na elfu mbili mkononi: mkubwa akaruka kwenye puto kwa elfu moja, fedha iliyobaki ikatosha wawili kwenye kuku, na wa nne, mdogo kabisa, msukumaji akampandisha bure.

Foleni fupi ilinidanganya miaka yote kama ilivyomdanganya mzee. Tunadhani mchezo usio na foleni ni mchezo usiopendwa, kumbe kuna mchezo usio na foleni kwa sababu unameza watu vizuri. Bembea inapakia kumi kwa mara moja na kushusha ndani ya dakika tatu. Ukiiondoa, wale 23 hawapotei. Wanakwenda kusimama kwenye foleni ya puto, au wanalia, na mtoto akilia familia nzima inaondoka, pamoja na yule mkubwa wa elfu moja.

Usiku nikaanza kutafuta kwenye simu wenye viwanja vikubwa hufanyaje, maana hoja hii si ya kwetu peke yetu. Kule Marekani Disney wamegombana na wateja wao juu yake kwa miaka. Bustani yao ya Florida, Magic Kingdom, ilifunguliwa mwaka 1971 ikiwa na mchezo wa vigari unaoitwa Mr. Toad's Wild Ride. Mwaka 1998, mwaka uleule tunajenga kuku wetu, wakaufunga. Watu walikuja wamevaa fulana za kuutetea. Haikusaidia, 1999 pakawa na mchezo wa Winnie the Pooh, yule dubu wa hadithi za watoto. Ndugu yake wa California, wa tangu 1955, yupo mpaka leo na watu wanaupanda. Halafu Julai 2025 hapohapo Florida wakafunga mto wao wote, Rivers of America, na meli yake ya gurudumu la kupiga maji na kisiwa cha kuchezea katikati, wajenge sehemu ya magari ya filamu za Cars. Mto ule haukuwa na mchezo wa kupiga mayowe. Ulikuwa mahali pa mtu aliyechoka. Ndicho kinachoniuma hapo: aliyechoka hahesabiwi, kwa sababu hasimami kwenye mstari.

Niseme na upande wa pili, kwa sababu nimeufikiria kwa haki. Mtoto aliyepanda kile cha Pooh mwaka 1999 sasa ni mtu mzima na huenda anamleta wake. Kwake hicho ndicho cha zamani. Kama wasingeuondoa wa Toad, asingekuwa na kumbukumbu hiyo. Na Walt Disney mwenyewe alikuwa akisema bustani yake haitakamilika kamwe. Kwa hiyo sisemi kitu kisiguswe kwa kuwa ni cha zamani. Mimi ni fundi, nakata vya zamani kila wiki. Mwaka juzi nilikata bembea za minyororo za sehemu nyingine kwa mikono yangu, pete zimelika zimebaki nyembamba kama waya, na sikumwuliza mtu nani anazipenda. Chuma kikichoka kinaondoka. Ila mchezo kutazamwa na wachache si uchovu wa chuma.

Kilichonifanya nikae macho mpaka saa nane usiku ni Tivoli, bustani ya Copenhagen, Denmark, iliyofunguliwa 1843. Wana treni ya milima na mabonde ya mbao, ya mwaka 1914, inaitwa Rutschebanen. Breki haiko kwenye reli. Ndani ya treni, katikati ya abiria, anakaa mtu ameshika wenzo, na yeye ndiye anayeamua kona hii tuingie kwa kasi gani. Zaidi ya miaka mia sasa, mtu anakaa na abiria. Nimetazama video zake nikamwona msukumaji wetu wazi kabisa, anavyopunguza mwendo akiona midomo ya mtoto imeanza kukunjamana. Blackpool nako, Uingereza, kuna mashine ya kuzungusha viti hewani iliyoundwa na mvumbuzi Hiram Maxim, ya mwaka 1904, na bado inazunguka kati ya mitambo mirefu ya kisasa. Hao wote wana ardhi finyu na wana michezo mipya. Wameamua tu kwamba vya zamani vina kazi.

Kuna jambo la upepo pia, na hili nilimwambia mzee kama fundi. Puto linashikwa na vigingi na hewa ya feni. Viwango vya Ulaya vinataka lisitumike upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa. Anayeishi Dodoma anaijua Agosti, vumbi linavyonyanyuka mchana na mabati yanavyopiga makofi. Siku kama hizo puto mbili ni hasara mbili. Kuku hawaondoki.

Jumatatu nilimpelekea daftari. Alivaa miwani akasoma ukurasa wote, akarudia pale kwa mama na mtoto wa kanga. Akauliza, "Huyu ni yule wa kila wiki?" Msukumaji akasema ndiye. Mzee akanyamaza, kisha akaniuliza puto la pili akaliweke wapi. Tukapima kwa hatua. Nyuma ya tanki la maji panatosha kama mabanzi yatahamishwa na ule mpapai ukatwe. Mpapai hakutaka. Tukapima tena upande wa choo, panapungua mita moja na nusu, na pale ndipo tulipoachia, hajaamua. Ameniambia tu kwamba bembea ikibaki isipige kelele ile ya kusaga, wazazi wanaogopa.

Kelele ninaijua. Jana nimeivua habu, nimeosha beringi kwa dizeli kwenye beseni. Ya chini ni nzima kabisa, ya juu roli mbili zimechimbika. Kwenye maduka ya spea nimepewa za aina tatu, hakuna inayoingia. Kesho asubuhi naenda kwa wauza chakavu kutafuta Land Rover iliyolala, na beringi hii ya zamani naibeba mfukoni kwa ajili ya kulinganishia.